Utabiri wa wiki mwanzoni mwa vuli: tunayoyaamini na yalivyo

Septemba ikielekea ukingoni, kila simu inayotoka nyumbani ina swali moja: wamesemaje kuhusu mvua? Upepo wa kusi unalegea, joto linapanda, mawingu yanajikusanya alasiri na kutawanyika kabla ya magharibi. Tanga, Pwani, Unguja na Pemba, Kilimanjaro, Arusha na mikoa inayozunguka Ziwa Victoria, wote wanaingoja vuli, ambayo kwa kawaida hunyesha Oktoba hadi Desemba. Utabiri wa wiki unatolewa na unasambaa kwenye simu. Tatizo ni namna tunavyousoma, na hasara yake nimeiona kwa macho yangu.

“Imenyesha jana usiku, vuli imeanza.” Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Mwaka mmoja mama yangu alipanda mahindi kesho yake ya mvua iliyopiga bati usiku kucha. Yakaota vizuri, yakafikia majani matatu, kisha zikapita zaidi ya wiki mbili bila tone. Mche ulikuwa unasokotwa na jua kama karatasi, na mbegu ya kurudishia ikabidi inunuliwe kwa mkopo.

Ukweli ni kwamba mvua ya mwisho wa Septemba mara nyingi si vuli. Jua huvuka Ikweta tarehe 22 au 23 Septemba na kufika utosini mwa Dar es Salaam karibu na Oktoba 10. Ukanda mvua, yaani ule mstari ambako pepo za kaskazini na za kusini hukutana na kuinua mawingu, hulifuata jua kwa kuchelewa, wala hauji kwa siku moja. Kabla haujafika, pwani na milima kama Usambara hupata mvua zake kutokana na unyevu unaosukumwa na upepo wa baharini. Ni mvua halali, inajaza ndoo, lakini haina wenzake nyuma yake.

Na bati linadanganya. Milimita 10 za mvua ni lita 10 kwa kila mita moja ya mraba. Juu ya bati zinasikika kama gharika, shambani zinalowesha tabaka la juu tu. Siku hizi mama hapandi kabla hajachimba. Anazamisha jembe, anakata udongo wima, anaweka vidole. Akikuta vidole vitatu au vinne vya udongo mweusi na chini yake vumbi jeupe, anafukia na kurudi nyumbani. Kisha anauliza utabiri wa siku kumi zijazo unasemaje. Hatafuti kujua kama itanyesha kesho. Anataka kujua kama itaendelea.

“Wameandika hakuna tahadhari, basi hakuna mvua.” Hapana. Taarifa ya siku tano ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inahusu hali mbaya ya hewa: mvua kubwa, upepo mkali, mawimbi makubwa. Mvua kubwa kwao ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Kwa hiyo siku iliyoandikwa “hakuna tahadhari” inaweza kabisa kukunyeshea milimita 20 na kukuloweshea mahindi uliyoanika. Kwa upande mwingine, rangi ya njano yenye neno “angalizo” haimaanishi mambo ni madogo. Juu yake kuna tahadhari, kisha tahadhari kubwa yenye rangi nyekundu, na chini ya kila moja huandikwa uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Mistari hiyo miwili ndiyo watu wengi huikata wanapoisambaza picha, na ndiyo yenye maana kuliko rangi yenyewe.

Soma pia maneno madogo. “Maeneo machache” na “maeneo mengi” ni vipimo, hayakuwekwa kupamba sentensi. Ukiambiwa mvua katika maeneo machache ya mkoa wa Tanga, inaweza kunyesha Lushoto, Korogwe wakabaki wanaangalia mawingu, na utabiri ukawa sahihi kwa wote wawili.

“Simu yangu inaonyesha mvua Alhamisi saa nane mchana.” Kile kiwingu kidogo kwenye simu hakikuandikwa na mtu aliyeangalia anga la kijiji chako. Ni hesabu ya kompyuta iliyoigawa dunia katika miraba, mingi ikiwa na upana wa kilomita kumi na kuendelea. Wingu la radi la kwetu linaweza kuwa na upana wa kilomita tano, likazaliwa saa saba na kufa saa tisa. Kulitaja kwa saa siku sita kabla haiwezekani. Kwa wiki nzima, simu inaweza kukupa mwelekeo: siku za mwisho zitakuwa na unyevu kuliko za mwanzo. Saa na mtaa uviulize siku moja kabla.

“Mwaka huu El Niño, mafuriko hayaepukiki.” El Niño ni pale maji ya Bahari ya Pasifiki yanapopata joto kupita kawaida. Vuli ya 1997, mwaka wa El Niño na mafuriko, ilitutia hofu ambayo bado tunaibeba. Lakini El Niño ya 2015 ilikuwa miongoni mwa kubwa kuliko zote zilizopimwa, na vuli yake haikuleta maafa kama yale. Mwaka 2019 hapakuwa na El Niño ya maana, ila sehemu ya magharibi ya Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, ilipata joto kupita kawaida, na Novemba hiyo maporomoko ya udongo yakaua watu wengi West Pokot nchini Kenya. Bahari yetu wenyewe ina kauli kubwa. Na ilipopoa upande wetu mwaka 2022, vuli ilikuwa haba, mto Ruvu ukapungua, Dar es Salaam ikapata maji kwa mgao.

“Radi inapiga, funikeni vioo.” Kioo hakiiti radi. Mti mrefu uliojikinga chini yake ndio hatari. Ingia ndani ya nyumba au gari lililofungwa.

“Jioni ziwa limetulia, usiku utakuwa salama.” Kwa wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria, hii inaua. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani, mawingu yanajengeka huku nchi kavu na ziwa linabaki wazi. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto, upepo unatoka kila ufuko kuelekea katikati, unakutana huko na kuinuka kuwa mawingu ya radi. Dhoruba nyingi za ziwa hilo hupiga kati ya usiku wa manane na alfajiri, saa ambayo taa zimeshawashwa na mitumbwi iko mbali. Utulivu wa saa kumi na mbili jioni ni mapumziko kati ya pepo mbili. Kabla ya kusukuma mtumbwi, tafuta kwenye utabiri maneno “ngurumo za radi” na uangalie yamewekwa usiku au mchana. Yakiwa usiku, funga kamba.