Je, Wajua Kwa Nini Msaka Wadukuzi Hukagua Saa Kabla ya Kumtafuta Mwizi?

Tuseme uko Dar es Salaam, kwenye ofisi ya watu arobaini hivi. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, fundi wa kompyuta anagundua kwamba seva ya hesabu ina jina la mtumiaji ambalo hakuna anayelijua. Mnafungua logi, yaani zile kumbukumbu ambazo kila mashine hujiandikia yenyewe usiku na mchana, na mnakuta mistari mitatu ya kutia shaka.

Faiwoli, ambayo ndiyo mlinzi wa lango la intaneti, imeandika: 11 Machi, 23:24:50, seva ya hesabu imetuma megabaiti 640 kwenda anwani ya nje. Seva yenyewe inaonyesha: 12 Machi, 02:17:05, akaunti ya mhasibu imeingia. Na mashine ya VPN, ambayo wafanyakazi hupitia wanapofanya kazi wakiwa nyumbani, imeandika: 12 Machi, 02:21:10, mhasibu ameunganishwa kutoka nje.

Isome mistari hiyo kama ilivyo. Mzigo umetoka kabla mwizi hajaingia chumbani, na mwizi ameingia chumbani kabla hajapita getini. Kwa mpangilio huo hakuna hadithi, na mtu mwenye haraka atasema haya ni mambo matatu yasiyohusiana, kisha atafunga kompyuta aende kunywa chai.

Lakini hakuna mashine iliyodanganya hapo. Kila moja imesema kweli kwa saa yake. Faiwoli imewekwa iandike kwa UTC, saa ya kimataifa ambayo Afrika Mashariki tunaitangulia kwa saa tatu. Kwa hiyo 23:24:50 ya tarehe 11 ni 02:24:50 ya tarehe 12 kwetu. Windows huhifadhi matukio yake kwa UTC pia, ila mtu anapoyafungua humwonyesha kwa saa ya mahali alipo, ndiyo maana seva inaonekana kusema saa ya Dar. Mashine ya VPN nayo inaandika saa ya Dar, lakini tangu ifungwe ukutani hakuna aliyeirekebisha, na sasa imewahi kwa dakika saba. Ile 02:21:10 yake ni 02:14:10 ya kweli.

Zipange upya. Getini 02:14:10, chumbani 02:17:05, mzigo nje 02:24:50. Dakika kumi na sekunde arobaini tu, na kila hatua inaifuata nyingine.

Sisi tunaosema Kiswahili tumeizoea hesabu hii kuliko tunavyodhani. Simu inaonyesha 02:14, mdomo unasema saa nane na dakika kumi na nne usiku, na wala hatuhisi kwamba tumeruka saa sita. Tunajua pia kusema "usiku wa kuamkia Jumatano", kwa sababu saa nane za usiku ni mahali pa kubishania siku. Pwani, kwa wanaohesabu siku kuanzia magharibi, usiku wa Jumatano ni ule unaoanza Jumanne jua linapotua. Haya si mambo ya pembeni katika kazi hii. Daftari la mlinzi getini ni logi kama logi nyingine, na mlinzi akiandika "saa 8:10 usiku, gari limepita", amemaanisha 02:10. Mgeni asiyeijua saa yetu atalisoma 20:10, na ushahidi mzuri kabisa utakuwa umetupwa umbali wa saa sita.

Sasa, umejuaje kwamba VPN imewahi kwa dakika saba na si tano? Hapa ndipo ustadi ulipo. Unatafuta tukio moja ambalo mashine mbili zimelishuhudia kwa pamoja. Mtu akijiunga kupitia VPN, muunganisho wake hupita kwanza kwenye faiwoli; tukio ni lilelile, limeandikwa mara mbili. Chukua mfanyakazi aliyejiunga jana mchana, soma faiwoli ilisemaje na VPN ilisemaje, toa moja kwa nyingine. Kisha rudia kwa mtu wa wiki iliyopita na wa mwezi uliopita. Tofauti ikibaki dakika saba zilezile, saa iliwekwa vibaya siku ya kwanza na haijasogea. Ikiwa inakua, saa inakimbia, na itabidi ukadirie tofauti ya usiku ule wenyewe, maana ya leo haitakufaa.

Na saa za kompyuta hukimbia kweli. Ndani yake kuna kipande cha kwatzi kinachotetema, na joto au uchakavu hukibadilisha kidogo. Kosa la sehemu 20 kwa milioni, ambalo ni la kawaida, ni sekunde 1.7 kwa siku. Ukiliacha mwaka mzima linafika dakika kumi na nusu. Dawa yake ipo tangu 1985, mwaka ambao David Mills, Mmarekani ambaye baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Delaware, alichapisha maelezo ya NTP, itifaki ya kulinganisha saa kwenye mtandao. Kompyuta inauliza "sasa ni saa ngapi?", inapima jibu limechukua muda gani kwenda na kurudi, inakadiria kwamba nusu ya muda huo ndiyo njia ya kurudi, kisha inajisogeza. Kupitia intaneti ya kawaida saa hukubaliana kwa tofauti ya milisekunde chache au makumi kadhaa, na hiyo inatosha kabisa kwa kazi yetu.

Basi kwa nini saa mbovu bado zimejaa? Kwa sababu si kila kifaa kina wa kukisumbua. Kompyuta zilizo ndani ya mfumo wa Windows wa ofisi zina adabu: saa ikipishana na ya seva kuu kwa zaidi ya dakika 5, kwa mpangilio wa kawaida, kompyuta inakataliwa kuingia, mtu analalamika na fundi anakuja. Kamera ya mlangoni haina wa kuilalamikia. Hali kadhalika mashine ya alama za vidole na kile kisanduku cha mtandao kilicho juu ya kabati. Vifaa hivyo ndivyo ninavyovikagua kwanza.

Kuna pia mstari ambao haukuandikwa vya kutosha tangu mwanzo. Syslog, mtindo wa kuandika logi alioubuni Eric Allman huko Berkeley, California, miaka ya 1980, kwa sura yake ya zamani huandika mwezi, tarehe na saa tu. Mwaka haumo, wala haisemi ni saa ya nchi gani. Mtindo mpya wa 2009 uliyaongeza yote mawili, lakini vifaa vingi bado vinaandika kizamani, na miezi sita baadaye unabaki unaitazama "Mar 12 02:21:10" bila kujua ni ya wapi.

Berkeley hiyohiyo ndiko kulikotokea msako ambao mpaka leo naona ndio darasa bora la kazi hii. Mwaka 1986 Clifford Stoll, mtaalamu wa falaki aliyehamishiwa kwenye kompyuta za maabara ya Lawrence Berkeley, alipewa kazi ya kutafuta senti 75 za Marekani. Mifumo miwili ya kuhesabu matumizi ya kompyuta haikukubaliana, na tofauti ilikuwa ni hiyo tu. Wengi wangeisamehe. Yeye aliifuata, akagundua kuna mgeni ndani, akaunganisha printa kwenye laini za simu zilizoingia maabara ili kila herufi ya mgeni itoke kwenye karatasi. Pembeni akawa na daftari, na katika daftari kila tukio lilikuwa na saa yake, kama alivyozoea kuandika akitazama nyota.

Saa hizo zilipokusanyika zikaanza kusema. Mgeni alizoea kuingia mchana wa California. Nani anaiba mchana kweupe? Lakini saa sita mchana kule ni saa tatu usiku Ujerumani. Njia ya simu ilipofuatiliwa hatua kwa hatua iliishia Hannover, Ujerumani Magharibi, kwa Markus Hess, aliyekuwa akiuza alichokipata kwa KGB, shirika la ujasusi la Umoja wa Kisovieti. Alitiwa hatiani mwaka 1990.

Ona kwamba Stoll hakuunganisha matukio kwa ukaribu wa dakika peke yake. Alitazama pia tabia inayojirudia, na hiyo ni nusu nyingine ya kazi. Programu hasidi ikishakaa kwenye kompyuta hupiga simu kwa bwana wake kuuliza kama kuna agizo. Cobalt Strike, chombo cha wapimaji halali wa usalama wa mitandao ambacho wahalifu wamekifanya chao, kimewekwa kiwandani kipige kila sekunde 60. Mstari mmoja wa faiwoli hauonyeshi chochote cha ajabu. Panga mia moja kwa saa, utaona pigo kama la moyo, hata saa nane za usiku, hata Jumapili, hata mwenye kompyuta akiwa likizo. Wajanja huongeza kuyumbayumba kidogo ili pigo lisiwe sawasawa, ila wastani huwasaliti ukiwa na subira ya siku kadhaa.

Ukaribu wa saa una hatari zake pia. Jumatatu saa mbili asubuhi watu arobaini huingia kwa mpigo, na tukio lolote la dakika hiyo litaonekana "karibu" na lingine lolote. Kwa hiyo saa peke yake haifungi kesi. Lazima kuwe na kitu cha pili kinachopita katika mistari yote: jina la akaunti, anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao), jina la mashine. Na hata anwani ya IP inategemea saa, maana ofisi nyingi huzigawa kwa muda. Iliyokuwa ya kompyuta moja saa nane usiku inaweza kuwa ya simu ya bosi saa tatu asubuhi. Upande wa pili, ukibana mno dirisha la muda unaoutazama utakosa wenye subira. Programu hasidi iliyofichwa ndani ya masasisho ya SolarWinds, kampuni ya programu za kusimamia mitandao, iliyofichuliwa Desemba 2020, ilikuwa na uwezo wa kulala kimya hadi wiki mbili kabla ya kuanza kazi. Dirisha la dakika kumi lisingeona lolote.

Turudi kwenye seva yetu ya Dar, sasa saa zikiwa zimenyooshwa. Ukiitazama kwa karibu, kabla ya ile 02:17:05 kuna majaribio matatu ya nenosiri yaliyokataliwa, ambayo Windows huyaandika kwa namba 4625: 02:16:40, 02:16:48, 02:16:59. Kisha ndipo inakuja 4624, kuingia kulikofanikiwa. Kati ya jaribio na jaribio ni sekunde nane, kumi na moja, sita. Programu ya kubahatisha ingemaliza mamia ya maneno katika muda huo. Haya ni mapigo ya vidole vya mtu anayeandika, anakosea, anafikiri, anajaribu tena. Saa 02:19:30 inafuata 4720, akaunti mpya imeundwa, na ndilo lile jina geni lililoonekana asubuhi.

Kimebaki kipande kimoja. Amepita getini 02:14:10 na amegusa mlango wa seva 02:16:40. Dakika mbili na nusu, na katika logi tulizofungua hakuna hata mstari mmoja. Mtu wa namna hii hakai sekunde 150 akitazama ukuta. Alikuwa akiuliza mtandao kuna nini ndani, na aliyejibu maswali yake ni seva ya majina, DNS, ambayo ukiipa jina la mashine inakupa anwani yake. Logi yake bado hatujaifungua.