Je, wajua kwa nini programu inaweza kuwa nzima kabisa halafu hakuna anayeielewa?

Mstari wenyewe ulikuwa mfupi tu, uzito = uzito - 2, basi, hakuna neno lolote juu yake wala chini yake.

Ulikuwa ndani ya programu ndogo ya kikundi cha wakulima wa zabibu nje kidogo ya Dodoma mjini. Mkulima analeta kreti, inawekwa kwenye mzani, kijana wa mapokezi anaingiza namba, mwisho wa wiki mfumo unatoa orodha ya nani alipwe shilingi ngapi. Aliyeiandika alikuwa kijana hodari sana wa kazi, baadae akapata ajira Mwanza akaondoka, na programu ikabaki inapiga mzigo kama kawaida. Akaja mwingine kuishika. Huyu naye mtu safi, mtoto wa mkulima, na siku anapitia kodi (ile mistari ya programu yenyewe) akaukuta ule mstari unakata kilo mbili kwenye kila kreti ya mkulima, akaumia moyo kabisa, akajua hapa watu wanaibiwa, akaufuta.

Mavuno ya mwezi wa nane yakaanza, na kwa wiki mbili nzima kikundi kikawa kinanunua plastiki kwa bei ya zabibu. Zile kilo mbili zilikuwa uzito wa kreti tupu.

Niliitwa na katibu wao, mama mmoja mtu mzima, akaniambia, "Mwanangu njoo uangalie, mzigo tunaonunua na mzigo tunaouza haufanani, na stoo nafunga mimi mwenyewe." Tukakaa na mahesabu toka asubuhi mpaka jua linazama, mpaka mtu akapata wazo la kumpigia yule wa Mwanza. Akajibu kwa sekunde kumi: "Aah, hiyo ni kreti."

Sekunde kumi! Sasa swali ambalo limenikaa toka siku ile ni hili, kwa nini jibu la sekunde kumi lilikuwa Mwanza wakati programu yenyewe iko Dodoma?

Sababu ya kwanza ni kwamba kompyuta haihitaji kujua kwa nini. Ukiiambia ikate mbili inakata mbili, leo, kesho na miaka kumi ijayo, haitakuuliza. Kwa hiyo kila kinachoandikwa kwenye kodi kimeandikwa kwa ajili ya yule asiyehitaji sababu, na sababu inabaki kwenye kichwa cha mwandishi. Ukisoma kodi kwa makini utajua inafanya nini, hata kama itakuchukua wiki. Kwa nini inafanya hivyo, na kwa nini haifanyi vile vingine ambavyo mwenzako alishavijaribu vikamshinda, hiyo huipati humo hata ukeshe.

Walioko huku kwetu wana mfano wa karibu. Nenda Kondoa, pale Kolo, panda kwenye yale majabali uone michoro, watu warefu wembamba, wanyama, rangi nyekundu imekaa kwenye jiwe miaka na miaka. UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikaa kule akiinakili mmoja mmoja kwa uvumilivu mkubwa. Baadhi ya maeneo yale wenyeji bado wanayaheshimu na kufanyia matambiko. Lakini ukiuliza yule aliyechora mstari ule wa kwanza alikuwa anasema nini, wataalamu wana majibu zaidi ya moja, kuna wa uwindaji, kuna wa ibada, na mwenye jibu lenyewe hayupo. Yaani kilichochorwa kimebaki, sababu imeondoka na mtu. Programu nyingi za maofisini zipo hivyohivyo, tofauti ni kwamba zenyewe zinafikia hali hiyo ndani ya miaka miwili tu.

Kuna mtaalamu wa Denmark anaitwa Peter Naur, mwaka 1985 aliandika kwamba programu hasa ni ile nadharia iliyoko kwenye vichwa vya walioijenga, na timu ikisambaratika programu inakuwa imekufa hata kama bado inawaka. Alienda mbali zaidi akasema hata maelezo ya maandishi hayawezi kuibeba nadharia yote. Mi nakubaliana nae nusu. Ni kweli huwezi kuandika kila kitu, lakini kati ya kila kitu na bila kitu kuna nafasi kubwa, na kwenye ile nafasi ndo neno moja tu "kreti" lingeokoa hela za wakulima wiki mbili.

Sasa kwani yule kijana wa kwanza alikuwa mvivu? Hapana, na hapa ndo watu wengi wanakosea wanapogombeza mafundi. Siku anaandika ule mstari alikuwa amesimama pembeni ya mzani, kreti anaziona, kuandika "hii ni kreti" kungekuwa kama kuandika "hili ni jua". Ukikijua kitu vizuri, inakuwa ngumu kuona kama kuna mtu asiyekijua. Na yule atakayehitaji maelezo siku hiyo hayupo, pengine yuko sekondari bado, hawezi kunyoosha mkono kuuliza. Mwenye swali na mwenye jibu hawakutani, basi.

Ndo maana dawa ya kuwaambia watu "andikeni maelezo kazi ikiisha" huwa haifanyi kazi. Kazi ikiisha sababu nusu zimeshasahaulika, na mwenye kazi anataka kwenda kwenye nyingine.

Wale wazee wa Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, waliliona hili mapema. Kitabu chao cha kwanza cha maelezo kina tarehe ya Novemba 3, 1971, pale Bell Labs, maabara ya utafiti Marekani, mfumo wa Ken Thompson na Dennis Ritchie, na kila amri ilipewa ukurasa wake mfupi: jina, namna ya kuiandika, inafanya nini, inagusa mafaili gani. Kuna vitu viwili kwenye zile kurasa mi navipenda mno. Kimoja ni sehemu ya kasoro, yaani mwandishi mwenyewe anakwambia hapa pabovu, usishangae. Kingine ni sehemu ya mwenye nayo, nani umuulize. Hebu fikiria ule mfumo wa zabibu ungekuwa na mistari miwili tu ya aina hiyo. Doug McIlroy, aliyekuwa kiongozi wao, alisimulia baadae kwamba kila toleo jipya la kitabu lilipokuwa linaandaliwa watu walikuwa wanarudi kurekebisha programu zenyewe, kwa sababu ukianza kuandika mambo ya ovyo uliyoyafanya unaona aibu kuyachapisha, unaona heri uyanyooshe. Kwa hiyo kuandika kulikuwa sehemu ya kujenga. Hapa Tanzania tunaweka "maelezo ya matumizi" kuwa kipengele cha mwisho cha mkataba, yanaandikwa usiku mmoja kabla ya kukabidhi, halafu tunashangaa hakuna anayeyasoma.

Haya, turudi kwenye kreti, maana hadithi haikuishia pale. Tuliurudisha ule mstari na juu yake tukaweka komenti (maneno ya kusomwa na mtu, kompyuta inayaruka): toa kilo 2, uzito wa kreti tupu. Tukajiona tumemaliza. Msimu uliofuata kikundi kikanunua kreti mpya nyepesi, kilo moja na gramu mia sita, na hakuna aliyekumbuka ule mstari. Sasa mkulima akaanza kukatwa gramu mia nne kila kreti, mwenye kreti hamsini anapoteza kilo ishirini, na safari hii hata fundi akiingia kukagua anakuta komenti imeandikwa kwa Kiswahili safi kwamba hapa ni sawa, anafunga anaondoka. Mzee mmoja mwenye mzani wake nyumbani ndo alitushtua.

Mnaona? Maelezo yaliyopitwa na wakati ni mabaya kuliko kukosa maelezo, kwa sababu ukikosa unauliza, ukiwa nayo unaamini.

Na hii ndo sababu nyaraka zinaoza hata kama hakuna aliyezigusa: dunia inabadilika, maandishi yametulia. Programu ikikosea kuna mtu atapiga kelele, malipo hayatatoka, foleni itajaa dirishani. Maandishi yakikosea hakuna kelele. Yamelala kwenye PDF, PDF iko kwenye fleshi, fleshi iko kwenye droo ya mtu aliyehamishwa kituo.

Tena hata yakiwa sahihi kabisa hayatoshi kama hakuna anayeyalinganisha na kazi. Chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea Septemba 23, 1999 kikifika Mars, na kwenye nyaraka ya makubaliano ilikuwa imeandikwa vizuri tu kwamba namba za msukumo zitumie vipimo vya metriki, ila programu moja huku chini duniani ilikuwa inatoa kwa paundi, tofauti ya mara nne na nusu hivi. Nyaraka ilisema kweli, programu ikafanya lake, na hakuna kilichozikutanisha mpaka chombo kikaenda.

Kwa hiyo kinachosaidia ni kuyasogeza maandishi yakae karibu na kazi kiasi kwamba yakidanganya yaumie. Kwa mafundi, maelezo yakae kwenye folda lilelile la kodi, na anayebadili kodi abadili maelezo kwenye badiliko hilohilo, la sivyo mwenzake asilipitishe. Python, lugha moja ya kuandikia programu, ina kitu kinaitwa doctest, mfano ulioandika ndani ya maelezo kinauendesha kweli na kulinganisha jibu, ukiwa wa uongo inakwambia papo hapo. Sisi kwenye zabibu tulifanya jambo la kawaida zaidi. Ile namba 2 tuliitoa kwenye mstari tukaipa jina lake, uzito wa kreti tupu, na kila msimu ukifunguliwa programu inagoma kupokea mzigo mpaka kijana apime kreti tupu na kuingiza namba pamoja na tarehe. Maelezo yamegeuka kuwa kazi, hayawezi kuoza bila watu kujua.

Halafu kuna Git, programu ya kutunzia historia ya kodi, ambayo Linus Torvalds aliitengeneza 2005, inatunza kila badiliko na ujumbe wa aliyelifanya. Watu wanaidharau hii sehemu ya ujumbe, nimeshakuta miradi imeandikwa "marekebisho" mara arobaini mfululizo. Jamani, huu mji umejaa watu waliofanya kazi masijala, waulizeni. Kwenye faili la ofisi kila barua ina namba ya folio, na ofisa anaandika dokezo, naomba hiki kwa sababu hii, rejea folio 12, mkubwa nae anajibu chini yake na kusaini. Hata dokezo sabili, ile karatasi inayotembea peke yake, mwisho inarudishwa ndani. Mtu akija miaka saba baadae anafungua anafuata uzi mpaka anajua nani aliamua, lini, kwa nini. Ujumbe wa badiliko ni dokezo lilelile, andika sababu, kilichobadilika Git inakiona yenyewe.

Kuna kosa lingine nalipata sana, la kuandika kitu kimoja kwa watu wote. Chukua mgeni ameshuka stendi kuu kule Nanenane. Kama hajawahi kufika Dodoma anahitaji mtu wa kumshika mkono mara ya kwanza, twende panda hii shuka hapa. Mwingine mji anaujua, anauliza tu nafikaje Mtumba kabla ya saa mbili. Wa tatu anataka orodha ya ruti na nauli aangalie mwenyewe. Na kuna wa nne anayetaka kuelewa kwa nini Mji wa Serikali umewekwa Mtumba na sio katikati ya mji, huyo unamrudisha 1973 ulipofanyika uamuzi wa kuhamia huku. Daniele Procida, mtaalamu wa kuandika maelezo ya programu, amewagawa wasomaji wa maelezo ya programu kwa namna hiyo, mafunzo, maelekezo, marejeo na ufafanuzi, na ukivichanganya kwenye ukurasa mmoja kila mmoja anakosa chake. Ukiwa na muda wa kimoja tu, mi nakwambia anza na wa nne, maana wale watatu mtu mwenye akili atajitafutia, sababu hataipata popote.

Na andika kwa lugha ambayo mtumiaji anaiongea. Kitabu cha Kiingereza cha kurasa themanini kwa kijana wa mapokezi anayefikiri kwa Kiswahili na Kigogo ni karatasi tu.

Mwaka huu kikundi kimepata kijana wa tatu. Safari hii mama katibu alinunua kaunta buku, akamwambia, "Baba, wiki ya kwanza usiguse kitu, kila usichokielewa andika swali hapa." Wazo ni lake, na ni zuri kuliko yote niliyowahi kuwapa, kwa sababu mgeni ndo mtu pekee anayeona kisichoandikwa, na baada ya mwezi macho hayo anayapoteza. Ameandika maswali ishirini na tatu. Kumi na tisa tumeshayajibu, majibu tumeyahamishia kwenye folda la kodi. Manne yaliyobaki ni ya yule wa Mwanza, amesema atapiga Jumapili akitoka kanisani.