Mwili mzima unauma na vipimo viko sawa: je, ni fibromialgia?

Wagonjwa wengi wanaonijia na swali hili hubeba bahasha nene. Ndani mna eksirei za mgongo, majibu ya damu ya miaka kadhaa, pengine na picha ya MRI, na kila karatasi inasema kwa namna yake kwamba hakuna tatizo. Wanaiweka mezani, kisha wanasema maneno ambayo mimi, kama daktari wa magonjwa ya viungo, nimeyazoea: "Daktari, mwili mzima unauma. Nikiamka ni kama nilipigwa usiku kucha. Na kila ninapokwenda naambiwa sina ugonjwa." Siku hizi wengine huongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba wamesoma kuhusu fibromialgia na wanajiuliza kama ndiyo yenyewe.

Inawezekana. Lakini kuna wazo moja ambalo ningependa tuliondoe kwanza, kwa sababu limewaumiza watu wengi: kwamba fibromialgia ni jina analopewa mtu vipimo vinapokosa jibu. Si kapu la kutupia maumivu yasiyoeleweka. Ni ugonjwa wenye sura yake, na ninautambua kwa sura hiyo, yaani kwa kumsikiliza mgonjwa na kumgusa. Bahasha isiyo na jibu haitoshi kuuthibitisha, wala haitoshi kuukanusha.

Sura yenyewe ni hii. Maumivu yamesambaa, juu na chini ya kiuno, kulia na kushoto, na yamedumu miezi 3 au zaidi. Hayatulii mahali pamoja: leo mabega, kesho nyonga na mapaja, keshokutwa mikono. Mtu analala saa nane nzima na kuamka amechoka kuliko alivyolala. Katikati ya sentensi neno linampotea, anaingia chumbani akasahau alichofuata. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitaji mpaka niulize, ingawa kwangu lina uzito mkubwa: vitu visivyopaswa kuumiza vinaumiza. Kushikwa bega na rafiki. Mshipi wa nguo. Wengine hata mwanga mkali, kelele, harufu na baridi kidogo huwachosha mwili.

Tena, maumivu ya misuli mara nyingi huwa na wenzake. Kipandauso, tumbo linalosokota na kujaa bila kidonda wala minyoo, taya linalouma, haja ndogo ya mara kwa mara bila maambukizi, miguu isiyotulia kitandani. Kwa hiyo mtu huyu amekwisha kumwona daktari wa tumbo, daktari wa meno na daktari wa mkojo, kila mmoja akatazama kipande chake, na hakuna aliyeviweka vipande hivyo pamoja.

Zamani tulikuwa tukibonyeza. Vigezo vya mwaka 1990 vilitaja nukta 18 mwilini. Daktari alibonyeza kila moja kwa kidole gumba kwa nguvu ya takriban kilo 4, na 11 zikiuma, mgonjwa alihesabiwa kuwa na fibromialgia. Ilikuwa njia ya kutafutia wagonjwa wa utafiti zaidi kuliko ya kumsaidia mtu aliyeketi mbele yako, na haikuuliza lolote kuhusu usingizi wala uchovu. Mwaka 2010 vigezo vilibadilishwa, vikarekebishwa tena 2016. Sasa tunahesabu sehemu 19 za mwili zilizouma katika siku 7 zilizopita, kisha tunatoa alama kati ya 0 na 12 kwa uchovu, kuamka bila kupumzika, kusahau, na dalili kama kuumwa kichwa, kuumwa tumbo na huzuni. Mwenye sehemu 7 au zaidi na alama 5 au zaidi yumo. Vilevile mwenye sehemu 4 hadi 6, ila yeye alama zake zianzie 9. Na lazima maumivu yawe katika maeneo 4 kati ya 5 ya mwili: pande mbili za juu, pande mbili za chini, na katikati, yaani shingo na mgongo.

Sasa kwa nini vipimo havionyeshi kitu? Kwa sababu eksirei hutazama mifupa, na vipimo vya damu hutafuta uvimbe, maambukizi au upungufu. Hapa misuli haijachanika na viungo havijaharibika. Kilichobadilika ni namna ubongo na uti wa mgongo vinavyopokea na kupima taarifa. Fikiria mlinzi wa usiku ambaye, badala ya kupuliza filimbi anapomwona mwizi, anapuliza kwa kila jani linaloanguka. Filimbi ni ya kweli na nyumba nzima inaamka kweli, ila mlangoni hakuna mtu. Mwaka 2002 watafiti nchini Marekani waliwabonyeza watu kidole gumba huku wakitazama ubongo wao kwa mashine ya picha. Kwa wenye fibromialgia, mbonyezo mdogo uliamsha sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu. Watu wasio na ugonjwa walihitaji kubonyezwa kwa nguvu kubwa zaidi ndipo ubongo wao ufanye vivyo hivyo. Mgonjwa akiniuliza kama anajitungia, huwa namsimulia utafiti huo.

Usingizi nao umo ndani kabisa ya jambo hili. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa usingizi Harvey Moldofsky na wenzake mjini Toronto, Kanada, waliwavuruga watu wenye afya kwa sauti kila walipozama katika usingizi mzito, bila kuwaamsha kabisa. Baada ya usiku kadhaa, watu hao walianza kulalamika misuli inauma na mwili umechoka. Mwaka 2021 utafiti mwingine ulionyesha kwamba kingamwili za wagonjwa, zikidungwa kwa panya, huwafanya panya hao wawe wepesi kuumia kwa mbonyezo na baridi. Maana ya matokeo hayo kwa matibabu bado inajadiliwa. Neno "mawazo tu", hata hivyo, halina nafasi hapa. Msongo na huzuni vinaweza kuyazidisha maumivu, na maumivu ya miaka mingi humletea mtu yeyote huzuni, lakini hilo haliyafanyi kuwa ya uongo.

Pamoja na hayo yote, tafadhali usijipe jina hili mwenyewe ukaishia hapo. Yapo magonjwa yanayofanana nalo na yana tiba tofauti kabisa. Tezi ya thairoidi ikizembea, mwili huuma, huchoka na kuwa mzito. Upungufu mkubwa wa vitamini D hulainisha mifupa na kuiumiza. Dawa za kupunguza lehemu za kundi la statini huweza kuumiza misuli. Jiulize maumivu yalianza lini ukilinganisha na siku uliyoanza dawa. Mtu aliyepita miaka 50, ambaye mabega na nyonga vimemkakamaa ghafla hata kunyanyua mikono kuchana nywele ni kazi, anaweza kuwa na polimialgia rumatika, ambayo mara nyingi hutulia kwa siku chache tu kwa dozi ndogo ya prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi. Fibromialgia haitulizwi na steroidi. Mgonjwa akiniambia vidonge hivyo vilimponya kama muujiza, nasimama na kufikiri upya.

Kwa hiyo huwa napima damu kwa jumla, ESR na CRP (vipimo vinavyoonyesha kama kuna uvimbe mwilini), thairoidi, kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK, kalsiamu na vitamini D, na kingine kama maelezo ya mgonjwa yananielekeza huko. Siagizi kila kitu. Kipimo cha ANA, kwa mfano, ambacho hutafuta kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe, huwa chanya kwa watu wengi wasio na ugonjwa wowote, na nimeona familia zikiishi miezi na hofu ya lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili, kwa sababu ya karatasi moja ambayo haikuhitajika.

Ukiona haya, usisubiri: viungo kuvimba na kuwa na joto, kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya saa moja, homa, jasho jingi la usiku, kupungua uzito bila sababu, mkono au mguu kukosa nguvu, kushindwa kuzuia haja. Na maumivu mapya ya kichwa au kuona giza kwa mtu aliyepita miaka 50 ni dharura ya siku hiyohiyo.

Jambo jingine nililolijua kwa kukosea. Fibromialgia inaweza kukaa na ugonjwa mwingine ndani ya mtu mmoja. Miaka ya nyuma nilimwongezea mgonjwa wa baridi yabisi dawa nzito mara mbili kwa sababu alisema anaumwa kila mahali, ilhali viungo vyake havikuwa vimevimba na damu yake ilikuwa imetulia. Baridi yabisi ilikuwa imeshikika. Kilichomuumiza ni hiki kingine. Ningemuuliza habari za usingizi ningejua mapema.

Kuhusu tiba nitasema machache. Kinachoungwa mkono na ushahidi wenye nguvu kuliko chochote ni mazoezi, na najua ni ukatili kumwambia hivyo mtu ambaye ngazi zinamliza. Kosa linalowavunja wengi ni kufanya mengi siku wanayojisikia nafuu, kisha kulala siku tatu. Anza chini ya uwezo wako, hata dakika tano za kutembea, na ufanye hizohizo siku nzuri na siku mbaya. Ongeza baada ya wiki, si baada ya siku. Amitriptilini kidogo usiku huwasaidia baadhi ya watu kulala na kupunguza maumivu. Duloksetini na pregabalini huwasaidia wengine, kwa kiasi. Dawa kali za jamii ya mofini hazifai hapa, na baada ya muda zinaweza kuyazidisha maumivu yenyewe.

Unapokwenda kwa daktari, chora umbo la mtu kwenye karatasi, mbele na nyuma, na utie rangi kila palipouma katika siku 7 zilizopita. Andika dawa zote unazotumia, za miti shamba pia, na tarehe ulizoanza. Kisha muulize anayelala karibu nawe kama unakoroma au unakatika pumzi usingizini, kwa sababu hilo wewe mwenyewe huwezi kulijua, na likiwepo, nitataka kuanza nalo.