Je, wajua? Mchezaji wa raga mwenye kadi nyekundu ya dakika 20 harudi uwanjani

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kadi nyekundu ya dakika 20 ni kadi ya njano (ile inayomtoa mchezaji kwa dakika 10) iliyorefushwa tu: mchezaji anakaa nje robo ya mechi, kisha anarudi kucheza. Nilikosea, na wengi ninaowasikia wakiilaumu kanuni hiyo wanakosea palepale. Aliyefukuzwa harudi kabisa. Dakika 20 zikiisha anaingia mwenzake kutoka benchi, miongoni mwa wachezaji wa akiba walioorodheshwa tangu mwanzo, hivyo timu inarudi kuwa na watu 15 lakini imeshatumia badiliko moja.

Ifikirie kadi nyekundu kama madeni mawili yaliyofungwa kwenye kifurushi kimoja. Deni la kwanza ni la mchezaji, ambaye anatolewa na baadaye kufikishwa mbele ya kamati ya nidhamu. La pili ni la wenzake 14, wanaoziba pengo lake kwa mbio za ziada. Zamani madeni yote mawili yalidumu hadi kipenga cha mwisho. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya 2023, nahodha wa New Zealand, Sam Cane, alitolewa kipindi cha kwanza, na timu yake ikacheza pungufu hadi mwisho na kushindwa 12-11 na Afrika Kusini. Kanuni mpya inakata deni la pili pekee.

Mashindano ya Super Rugby, ya vilabu vya kizio cha kusini, yalianza kuijaribu mwaka 2020, na World Rugby, shirikisho la raga duniani, ikairuhusu kama jaribio la dunia nzima kuanzia 2025, ingawa Ufaransa iliipinga waziwazi.

Tazama tukio lenyewe kwa karibu. Mlinzi, akiwa amesimama wima, anamvaa mwenye mpira, na bega la mlinzi linampiga mwenzake shavuni. Refa akiona kosa linastahili angalau njano lakini hana hakika kama limefikia nyekundu, anapishanisha mikono, na afisa wa video anapewa dakika 8 za kuamua. Afisa huyo anauliza kama kichwa kimeguswa, kama ni kosa, hatari ilikuwa kubwa kiasi gani, na kama kuna la kupunguza adhabu, kwa mfano mwenye mpira kuinama ghafla. Kukosa nia mbaya hakumwokoi mchezaji na nyekundu. Nia inatenganisha nyekundu ya dakika 20 na ile ya kudumu, iliyobaki kwa ukatili wa makusudi.

Je, adhabu nyepesi kwa timu itawafanya walinzi wasijali kuinama wanapomvaa mwenye mpira? Ushahidi bado ni mchache, nami naona wanaohofia hilo wana hoja ya kusikilizwa. Garry Ringrose wa Ireland alipotolewa kwa nyekundu ya dakika 20 dhidi ya Wales, Februari 2025, timu yake ilijazwa tena na kushinda 27-18. Yeye mwenyewe hakucheza tena siku hiyo, na baadaye alifungiwa.