Linki haina jina

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Achana na hiyo printa ya uhasibu, njoo uone maajabu huku."

Mezani kwa madam, mmoja wa wakufunzi wa chuo chetu, kulikuwa na vitu viwili. Kimoja ni laptopu iliyofunguliwa faili la alama za CA (tathmini endelevu) za mwaka wa pili: majina kushoto, alama kati ya 40 kulia. Kingine ni kauntabuku lake la zamani, lile ambalo vijana wa ofisini humcheka kwa kuendelea kulibeba. Kwenye kauntabuku mwanafunzi mmoja ana 14. Kwenye kioo cha laptopu ana 24. Na kule juu upande wa kulia, penye viduara vya watu waliofungua faili, palikuwa na mchoro wa mnyama: kapibara asiyejulikana.

"Huyu mnyama ndiye nani?"

"Madam, huyo ni mtu yeyote."

Sikuwa namtania. Linki ya faili la Google ikiwa wazi kwa kila mtu, anayeingia bila kualikwa kwa jina huonyeshwa kwa sura ya mnyama. Leo kapibara, kesho mnyama mwingine. Tulifungua historia ya matoleo, ile kumbukumbu ya kila kilichobadilishwa, tukakuta mabadiliko ya saa tano usiku, yamewekwa kwenye fungu la watumiaji wasiojulikana. Tulikaa hadi saa nane mchana tukilinganisha kioo na kauntabuku, mstari kwa mstari. Alama tatu zilikuwa zimeguswa, tukazirudisha. Aliyezigusa hatukumjua. Mwenye 14 aliitwa, akaapa kwamba hajui lolote, nami nikasema mbele ya kikao kwamba sina cha kumshika nacho. Huenda ni rafiki yake, huenda ni kidole kilichoteleza kwenye simu, ingawa kidole hakitelezi mara tatu na kila mara kikaongeza kumi.

Mimi ni ofisa TEHAMA wa chuo cha kati, na idara yangu ina mtu mmoja. Mwaka huo ndio niliacha kufundisha watu "jinsi ya kushea faili", maana kushea wote wanajua. Nikaanza kuwauliza swali moja tu: unampa nani? Linki haina jina. Ukiituma, umempa yule atakayeishika mwisho, na huyo humjui.

Madam hakufungua faili lake kwa uzembe, na hapo ndipo pa kujifunza. Mwanzoni alilifunga vizuri kabisa: wenye akaunti za chuo tu. Akaweka linki kwenye kundi la WhatsApp la wakufunzi. Ndani ya saa moja barua pepe zikaanza kumiminika: fulani anaomba ruhusa, fulani anaomba ruhusa. Wote ni wakufunzi wenzake, wote wana akaunti za chuo. Kumbe kila mmoja aliifungua kwa simu, na simu ya kila mmoja ina Gmail yake binafsi, ile aliyowashia simu siku aliyoinunua. Ukigusa linki ndani ya WhatsApp, simu haikuulizi unakwenda kama nani. Inakwenda na akaunti iliyo mbele, inagonga mlango wa chuo ikiwa imevaa nguo za nyumbani, inakataliwa. Mtu anabonyeza kile kitufe cha kuomba ruhusa. Madam amezidiwa na barua, ana kipindi saa nne, anaona njia ya mkato: kila mwenye linki, aweze kuhariri. Kimya. Hakuna anayelalamika tena. Wiki mbili baadaye mkufunzi mmoja, kwa nia njema kabisa, anamrushia CR, kiongozi wa darasa, linki ili darasa lihakiki majina.

Kwa hiyo dawa ya kwanza niliyotoa haikuwa ya usalama hata kidogo. Nilipita ofisi kwa ofisi nikimwonyesha kila mtu kile kiduara chenye picha yake kona ya juu ya Drive, hifadhi ya mafaili ya Google. Kiguse, chagua akaunti ya chuo, kisha rudi kwenye faili. Kwa mtu mmoja ni dakika mbili. Maombi ya ruhusa yalipungua wiki hiyohiyo, na hamu ya kufungua mafaili kwa ulimwengu ikapungua pamoja nayo. Kama una kazi moja tu ya kufanya chuoni kwako muhula huu, fanya hiyo. Watu hawavunji kufuli kwa sababu ni wakorofi, wanalivunja kwa sababu ufunguo wao haufungui.

Dawa ya pili ni vikundi. Watu wengi wakishaacha linki hukimbilia kuandika majina mmoja mmoja: yule wa maabara, yule wa ofisi ya mitihani, yule mgeni. Ni afadhali, lakini baada ya mwaka faili lina majina thelathini na hakuna anayekumbuka nusu yake waliingiaje. Mkuu wa idara amebadilishwa, wa zamani bado anahariri. Mwanafunzi wa field aliyesaidia kuingiza takwimu ameshaajiriwa mkoa mwingine na bado anaona kila kitu. Sisi sasa tuna anwani za barua pepe za vikundi: wakufunzi wa uuguzi, ofisi ya mitihani, kila mkupuo wa wanafunzi kwa mwaka wake wa kuingia. Faili hupewa kikundi. Mtu akihamishwa namtoa kwenye kikundi mara moja, na milango yote ya kikundi hicho inamfungia. Tahadhari moja: kama kuna mahali mtu huyo aliwahi kupewa ruhusa kwa jina lake, kumtoa kwenye kikundi hakumgusi huko. Ndiyo maana tunakazana kutochanganya njia hizi mbili.

Sasa suala la mmiliki, ambalo kwangu ni zito kuliko hata kapibara.

Kila faili lililo kwenye Drive ya mtu lina mmiliki mmoja. Unaweza kuwa mhariri wa ratiba miaka minne, ukawa wewe ndiye uliyeiandika yote, lakini kama aliyeifungua siku ya kwanza ni mwingine, ni yake. Tulikuwa na mkufunzi aliyetengeneza ratiba, fomu za maombi ya likizo na orodha za vituo vya mafunzo kwa vitendo. Kijana mchapakazi. Akapata kazi kwingine, tukamuaga kwa soda na keki, na mtangulizi wangu, kwa utaratibu aliodhani ni mzuri, akaifuta akaunti yake. Akaunti ya chuo ikifutwa, msimamizi ana siku 20 za kuirudisha. Sisi tuligundua ratiba imepotea muhula ulipofunguliwa, siku nyingi baada ya hizo 20. Sasa hivi hatufuti. Tunaisimamisha kwanza, tunahamishia mafaili kwa mtu wa idara yake, tunasubiri muhula mzima, ndipo tunafuta.

Afadhali hiyo ilikuwa akaunti ya chuo. Mbaya zaidi ni faili la chuo linaloishi kwenye Gmail ya mtu binafsi, na vyuoni kwetu hayo ndiyo mengi, kwa sababu watu walianza kutumia Drive kabla chuo hakijawapa akaunti. Umiliki wa faili la Gmail binafsi hauwezi kukabidhiwa akaunti ya chuo. Wengi huishia kutengeneza nakala, na nakala inazaliwa upya: historia ya nani alibadilisha nini inabaki kwenye lile la zamani. Kwa orodha ya namba za vyumba haina neno. Kwa alama za wanafunzi ni hasara.

Kwa hiyo tulihamia kwenye hifadhi za pamoja (shared drives). Humo faili ni mali ya chuo, aondoke nani abaki nani. Vyuo vinavyopewa huduma ya elimu bure na Google vinazo pia, hivyo usiambiwe kwamba lazima ununue kitu. Kuna ngazi tano, na wengi wanababaika katika ngazi ya kati. Mchangiaji anaweza kuongeza faili na kulihariri, lakini hawezi kulifuta wala kulihamisha. Wakufunzi wetu karibu wote ni wachangiaji. Msimamizi wa maudhui anaweza kufuta na kupanga folda. Huyo ni katibu wa idara. Meneja, anayeamua nani aingie, ni mkuu wa idara na mimi. Kulikuwa na manung'uniko: "Yaani mimi mwenye shahada ya uzamili nisiweze kufuta faili?" Nilimjibu mzee wangu huyo kwamba hata msajili hawezi, akaridhika.

Kabla sijasahau: tangu 2022 chuo kizima kwenye huduma hiyo ya elimu kinagawana TB 100. Ni nyingi, ila nimekuta video za harusi humo, za saa nzima, za send-off na kitchen party. Mkimaliza kualikana, zihamisheni.

Folda nazo zina tabia yake. Ruhusa huteremka. Ukiwapa wanafunzi folda ya Matangazo leo, wanaona yaliyomo leo na chochote kitakachotumbukizwa humo kesho, bila mtu kuulizwa. Siku moja orodha ya wadaiwa ada, majina, namba za simu za wazazi na kiasi wanachodaiwa, iliburutwa kwa kipanya ikaangukia humo badala ya folda ya jirani. Ilikaa nusu saa. Nusu saa inatosha kabisa kwa wanafunzi kupiga picha vioo vya simu zao, na kufikia jioni msichana mmoja alikuwa ameshapewa jina la utani la kiasi anachodaiwa. Tuliiondoa, tukamwomba radhi yeye na mzazi wake. Zile picha hatukuwa na la kuzifanya.

Hapo si suala la adabu tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake. Kenya walitunga yao 2019, na Septemba 2023 ofisi ya kamishna wao iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Mkuu wetu wa chuo nilipomtajia hiyo namba kwenye kikao, bajeti ya mafunzo ya wafanyakazi ilipita bila kukatwa. Tangu siku hiyo folda zetu zimegawanywa kwa nani anaona, hazigawanywi kwa mada. Folda ya wanafunzi haina jirani wa siri ndani ya mti mmoja.

Yapo mengine madogo. Mhariri, kwa kawaida, anaweza naye kumwalika mtu mwingine. Kwenye dirisha la kushea kuna alama ya gia, iguse uondoe tiki. Hapohapo unaweza kuwazuia watazamaji kupakua na kuchapisha, jambo zuri kwa rasimu, lakini usijidanganye, mtu ana simu na simu ina kamera. Mtahini wa nje mpe ruhusa yenye tarehe ya mwisho kama kifurushi cha Google cha chuo chenu kina kipengele hicho; kama hakina, andika kwenye kalenda yako siku ya kumtoa.

Na steshenari. Hapa nitasema kwa sauti. Nje ya geti letu kuna steshenari tatu, na wanafunzi wakitaka kutoa kopi ya ripoti ya field huingia kwa akaunti zao kwenye kompyuta ya pale, wanachapisha, wanalipa, wanaondoka. Akaunti inabaki wazi. Niliwahi kwenda kutoa kopi ya kitambulisho changu nikakuta Drive ya kiongozi wa serikali ya wanafunzi, na kupitia kwake folda ya bajeti yao yote. Ruhusa zote tulizopanga zilikuwa sahihi. Mlango aliufungua mwenyewe akaenda zake. Ukishajikuta umefanya hivyo, ingia kwenye akaunti yako kwa simu, sehemu ya usalama, utaona orodha ya vifaa vilivyoingia, ondoa usichokitambua na ubadili nywila. Bora zaidi ni kumtumia mwenye steshenari faili la PDF tu.

Kama linki yako imeshasambaa, usilifute faili kwa hofu. Rudi kwenye dirisha la kushea, badilisha kutoka kila mwenye linki kwenda walioalikwa tu, na linki ileile iliyozagaa kwenye makundi itawagomea wote usiowataja. Kisha fungua historia ya matoleo uangalie kilichoguswa. Ukimaliza, nakili linki, ifungue kwenye dirisha fiche (incognito) la kivinjari ambalo halina akaunti yoyote. Likifunguka, nipigie. Likikuambia uingie kwanza kwa akaunti, endelea na chai yako.