Kuongoza testa ya mtandao ukiwa mbali: tenganisha njia ya kuongozea na njia inayopimwa

Mei 2024 mikoa ya Lindi na Mtwara ilipatwa na mawili kwa mpigo. Mafuriko yaliyoambatana na Kimbunga Hidaya yalikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikapata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Mtandao una shida, na barabara ya kuifuata shida hiyo haipitiki: hali hii sisi wa TEHAMA wa kusini tunaijua hata bila kimbunga. Mvua zikikolea, atakayekwambia atafika Liwale kesho asubuhi akitokea Nangurukuru huyo ana imani kubwa.

Ndiyo maana tunazishauri ofisi, shule, vituo vya afya na maghala ya vyama vya ushirika kujifunza kuiongoza testa ya mtandao kutoka mbali. Testa ninayoizungumzia ni ile ya kushika mkononi yenye skrini, kama OneTouch AT au EtherScope nXG, inayoweza kupima kebo, kuomba anwani kwa DHCP (huduma inayogawa anwani za mtandao), kupiga ping (kuita kifaa kingine uone kama kinajibu), kupima kasi na kunasa pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni. Inaachwa kwenye kituo chenye tatizo, na mtaalamu anaiona skrini yake kwenye kompyuta akiwa Mtwara Mjini na kuibonyeza kana kwamba ameishika.

Kosa linalowaangusha wengi ni kupitisha uongozi huo kwenye njia ileile wanayoipima. Ukianzisha kipimo cha kasi, laini inajaa na skrini yako inaganda. Ukibadilisha VLAN (sehemu ya mtandao iliyotengwa ndani ya swichi) kwenye poti ya kupimia, umejifungia nje. Na mtandao wa kituo ukikatika kabisa, yaani saa ile unapoihitaji testa kuliko wakati wowote, nawe huioni tena. Testa nilizozitaja zina poti ya kupimia na poti nyingine ya usimamizi. Poti ya kupimia ichomeke kwenye swichi ya kituo. Ya usimamizi ipeleke kwenye ruta ndogo ya laini ya simu, yenye bando lake, isiyotegemea chochote cha kituo hicho. Kama testa yako ina poti moja tu, tumia Wi-Fi yake kuiunganisha na ruta hiyo.

Hapo utakutana na kikwazo cha pili. Kampuni za simu kwa kawaida huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja, kwa hiyo ukijaribu kuingia kutoka nje hufiki. Fungua ukurasa wa ruta uangalie anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi huna anwani ya nje iliyo yako peke yako. Dawa yake ni kuifanya ruta yenyewe ipige hodi kwenu: iwekee VPN (njia ya siri ndani ya intaneti), kwa mfano kwa programu ya WireGuard, inayotoka kituoni kuelekea seva ya ofisi, na uiamuru itume ishara kila baada ya sekunde 25 ili njia isifungwe kwa ukimya. Seva hiyo iwe hapa nchini. Siku nyaya za baharini zikikatika, mawasiliano ya Liwale na Mtwara hayana sababu ya kuzunguka Ulaya.

Kabla ya kutoka ofisini, hakikisha namba za mitandao miwili hazigongani. Ofisi ikitumia 192.168.1 na ruta ya kule nayo ikatumia 192.168.1, VPN itaunganika vizuri, taa itawaka kijani, lakini testa hutaiona, na utapoteza siku nzima ukilaumu mtandao wa simu. Ipe ruta ya testa namba za kipekee, halafu uitengee testa anwani moja isiyobadilika.

Uongozi wa skrini wenyewe mara nyingi hutumia VNC, mfumo wa kuona na kuongoza skrini ya kifaa kingine, kwenye poti namba 5900 (mlango wa kiprogramu, si tundu la kebo). Naomba msomaji anielewe vizuri hapa: usiifungue poti hiyo kwenye intaneti, hata kwa saa moja. VNC ya kawaida haifichi picha za skrini zinazopita njiani, na uthibitisho wake wa zamani husoma herufi 8 tu za mwanzo za nywila. Ukiweka 20, hizo 12 ni bure. Zipo programu zinazopekua intaneti usiku na mchana zikitafuta poti hiyo. Iruhusu ndani ya VPN pekee. Bando likiwa dogo, punguza rangi za picha kwenye programu ya VNC. Kazi itakwenda vilevile.

Umeme nao unataka jaribio la kweli. Ukiwa bado ofisini, chomoa ruta na testa, zima kabisa, kisha rudisha umeme bila kugusa kitu kingine. Je, testa imejiwasha yenyewe? VPN imerudi? Skrini inaonekana kwenye kompyuta iliyounganishwa na intaneti ya simu yako, si ya ofisi? Kama jibu mojawapo ni hapana, testa hiyo haijawa tayari kwenda Liwale. Zima pia mpangilio unaoilaza testa kwa kuokoa chaji, na ruta iwekwe kwenye UPS, betri ya akiba umeme ukikatika. Ghala la korosho lina vumbi na joto, kwa hiyo kifaa kikae juu, penye hewa.

Bado utamhitaji mtu kituoni. Kipimo cha mpangilio wa nyaya ndani ya kebo kinataka kifaa kidogo kichomekwe upande wa pili, na hilo huwezi kulifanya kwa VPN. Bandika karatasi kwenye kila kebo, rangi na namba, mazungumzo ya simu yawe hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Naomba unichomolee kebo namba 4, ile ya bluu, uichomeke kwenye testa."

"Marahaba, mwanangu. Nimechomoa, nimeichomeka kwenye testa."

"Asante, Mwalimu. Testa inaonyesha imekatika mita 38 kutoka hapo ulipo."

Kwa maneno hayo matatu fundi wa karibu anajua apande dari la chumba kipi.

Mkuu wa kituo aridhie kwa maandishi kabla testa haijachomekwa. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa, na pakiti zinazonaswa kwenye kituo cha afya zinaweza kubeba taarifa za wagonjwa, ambazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nasa zile tu zinazohusu tatizo. Testa ikirudi, futa mafaili hayo, ondoa kwenye seva ufunguo wa VPN wa ruta yake, na ubadilishe nywila kabla haijapelekwa kituo kingine.