Pauni ileile, kapu dogo: nguvu ya kununua ni nini?

Tarehe 15 Februari 1971, siku Uingereza ilipoacha kuhesabu shilingi 20 kwa pauni na kuanza kuhesabu peni 100, stempu ya barua ya daraja la kwanza iliuzwa peni 3. Mwenye pauni moja aliondoka posta na stempu 33 na chenji ya peni moja. Oktoba 2024 stempu ya daraja hilohilo ilifika pauni 1.65. Pauni moja haikutosha hata stempu moja.

Hiyo ndiyo nguvu ya kununua: si nambari iliyoandikwa kwenye pesa, ni kile unachobeba ukishailipa. Bei zikipanda kwa ujumla, yaani mfumuko wa bei, nambari inabaki palepale na mzigo unapungua.

Stempu peke yake ni kipimo kibovu, maana imepanda kuliko vitu vingi, na televisheni kwa mfano zimekuwa rahisi. Kwa hiyo Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya huko hufuatilia kapu la bidhaa na huduma zaidi ya 700, kuanzia mkate hadi nauli, na kila mwaka hutoa kilichopitwa na wakati na kutia kipya. Asilimia inayotangazwa kila mwezi huonyesha kapu hilo limepanda bei kiasi gani katika miezi 12.

Sasa hesabu inayowachanganya wengi. Agosti 1975, mafuta yakiwa yameshapanda bei na mishahara ikikimbizana na bei za dukani, mfumuko ulikaribia asilimia 27. Aliyeficha pauni 100 chini ya godoro mwaka mzima alipoteza 27? Hapana. Hapa tunagawanya, hatutoi: 100 kwa 1.27, unabaki na nguvu ya pauni 79 hivi. Zimekwenda 21. Afadhali kidogo, ingawa godoro bado ni benki mbaya.

Kosa jingine ni kudhani mfumuko ukishuka, bei nazo zimeshuka. Oktoba 2022 ulifika asilimia 11.1. Mei 2024 ulirudi asilimia 2, ambayo ndiyo shabaha ya Benki Kuu ya Uingereza, lakini aliyeingia dukani mwezi huo hakukuta bei za zamani. Gari likipunguza mwendo mlimani bado linapanda. Na hiyo asilimia 2 inayoonekana ndogo, ikidumu miaka 35, hukata nguvu ya pesa nusu.

Tusichanganye haya na bei ya kubadilisha fedha. Novemba 1967 Waziri Mkuu Harold Wilson alishusha pauni kutoka dola 2.80 hadi 2.40, kisha akawaambia wananchi kwamba pauni iliyo mfukoni mwao haijapungua thamani. Alitaniwa kwa miaka. Kesho yake mkate haukupanda ghafla, ni kweli, ila vitu vya kuagiza nje vilikuwa vimeshagharimu zaidi. Nguvu ya ndani na bei ya nje ni mashemeji, si pacha.

Pesa zenyewe nazo zilishuka cheo. Nusu peni ilifutwa Desemba 1984. Pauni moja, iliyokuwa noti ya heshima, ilikuwa imeanza kutolewa kama sarafu tangu 1983, kwa sababu noti yake ilishikwashikwa kama chenji ikachakaa upesi. Machi 1988 noti hiyo ikakoma kutumika.